Betri za magari melini zifunguliwe

Mhariri,

Meli za magari zinazotia nanga Kilindini zina deki (ghorofa) hata kumi na zaidi, magari yamebanana. Kwenye magari ya mitumba, waya uliochubuka ukipiga shoti betri ikiwa haijafunguliwa (haijatenganishwa na waya wake), moto huruka upesi. Meli ya magari Höegh Xiamen iliungua Jacksonville, Marekani, Juni 2020, ikiwa imebeba magari yaliyotumika. Betri nyingi hazikufunguliwa ipasavyo.

Gesi ya kaboni dioksidi inayotumika melini huzima moto deki ikizibwa tu: feni zizimwe, matundu ya hewa na milango ifungwe kwanza. Pengo moja likibaki, gesi huvuja.

Tunawasihi wasimamizi: gari likiunganishwa betri ili lisogezwe hapa kupisha jingine, kisha meli iendelee Dar es Salaam, waya wa hasi ufunguliwe tena, ncha yake ifungwe tepu isiguse betri.

Wadau wa usalama melini,
Mombasa