Mama anabanwa pumzi, kipimo kinasoma 94

Dokta, shikamoo.

Mama yangu amebanika samaki kwa kuni hapa Musoma karibu maisha yake yote. Sigara hajawahi kugusa, ila moshi wa kile kibanda umemwachia ugonjwa sugu wa mapafu. Dawa zake za kuvuta anatumia kama alivyoelekezwa. Hata hivyo, akitoka jikoni hadi uani anainama, anashika magoti, mabega yanapanda na kushuka, na salamu ya jirani anaijibu vipande vipande. Tukimwekea kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinasoma asilimia 94, kiwango kisicho kibaya. Kaka akiona hivyo anasema mama anadeka, na siku hizi mama anajificha nyuma ya nyumba mpaka pumzi irudi.

Linaniuma sana, kwa sababu hadeki. Daktari wa kliniki alitufafanulia kwamba oksijeni kupungua kwenye damu ni jambo moja, kuhisi kubanwa ni jingine. Hisia hiyo inatokea kwenye ubongo, baada ya neva za kifuani kupeleka taarifa kwa njia ya kemikali. Mwili nao una kemikali zake za kuituliza, endofini, zinazofanya kazi kama mofini, ile dawa kali ya maumivu. Nimesoma utafiti wa Marekani wa 2009: wagonjwa kama mama walipochomwa naloksoni, dawa inayozuia endofini, kisha wakafanya mazoezi, walibanwa zaidi kuliko walipochomwa maji ya chumvi tu.

Sasa daktari amependekeza mofini ya kunywa, dozi ndogo. Kaka hataki hata kusikia: anasema hiyo ni ya wagonjwa wa saratani waliokata tamaa, na mama atakuwa teja. Mimi nilishakubali moyoni, hadi nilipokuta jaribio la Australia la 2022, ambapo miligramu 8 au 16 kwa siku hazikuleta nafuu ya maana baada ya wiki moja. Na mama tayari ana shida ya kufunga choo.

Je, matokeo hayo yanatosha kuikataa, au wapo wagonjwa ambao bado inawafaa? Tukianza, tumwangalie dalili gani, hasa usiku? Au tutangulize mazoezi ya kutembea na kile kifeni cha mkononi, ambacho akijipulizia usoni naona anatulia? Na kaka nimweleweshe vipi, maana yeye ndiye anayelipia matibabu?

Binti wa Musoma