Barua kwa mwanangu anayekwenda kufundisha shule ya bweni

Mwanangu mpendwa,

Jana umenitumia ile habari kwamba mwaka 1962 huku kwetu watu walicheka mwaka mzima bila kukoma, na chini yake ukapanga emoji za kucheka. Jioni hiyohiyo redioni wakataja tena shule ambako wasichana wanaanguka. Nikashindwa kulala. Wiki ijayo unaripoti kwenye shule ya bweni ya wasichana, tena wamekwambia utamsaidia matroni. Likikutokea, utafanya nini?

Hiyo habari ya 1962 ni ya Kashasha, kijiji cha huku kwetu Kagera, na naomba uijue ilivyokuwa. Kwangu si kichekesho, na kwako pia isiwe.

Ilianza tarehe 30 Januari 1962, uhuru ukiwa na wiki saba tu, katika shule ya bweni ya wamisionari. Wasichana watatu walicheka wakashindwa kujizuia. Kicheko kikageuka kilio, kilio kikarudi kuwa kicheko, wanatulia kidogo, kisha kinawarudia. Kuna waliopona baada ya saa chache, na kuna iliyowachukua siku hadi 16, lakini walikuwa wanapumzika katikati. Hakuna mwili wa binadamu unaoweza kucheka mwaka mzima, mwanangu, na wewe umesoma biolojia. Baadhi walisema wanahisi vitu vinatembea kichwani na kuna mtu anawakimbiza. Ukimshika kwa nguvu, anapigana. Kufikia katikati ya Machi walikuwa wameugua 95 kati ya wanafunzi 159, watoto wa miaka 12 hadi 18. Kati ya walimu hakuugua hata mmoja. Tarehe 18 Machi shule ikafungwa.

Wakarudishwa makwao, na ugonjwa ukaenda nao. Kijiji cha Nshamba peke yake, walikotoka baadhi ya wasichana hao, Aprili na Mei waliugua watu 217.  Shule ikafunguliwa tarehe 21 Mei, ikafungwa tena mwisho wa Juni, na Juni hiyohiyo katika shule ya wasichana ya Ramashenye, karibu na Bukoba mjini, wakaugua wasichana 48 kati ya 154. Madaktari wawili, Rankin na Philip, walipima damu, wakapima maji ya uti wa mgongo, wakachunguza chakula. Hawakukuta sumu wala kijidudu. Hakuna aliyekufa. Taarifa yao ilitoka mwaka 1963, na walichoandika ni kwamba ilielekea kuwa histeria ya kundi, yaani hali ya akilini inayoambukizana kati ya watu na kutokea mwilini.

Sasa nisikilize vizuri, maana hili ndilo linaloninyima usingizi: wale watoto hawakuwa wanaigiza. Miaka yote niliyofanya kazi wodini nimeletewa wasichana wa namna hiyo, na nimewaona watu wazima, wengine wamevaa koti jeupe, wakiwafinya na kuwazaba makofi ili "waache maigizo". Mtoto anatetemeka kweli. Miguu inakataa kweli. Usimchape. Usikubali achapwe mbele yako, hata kama wewe ni mgeni na mwenye fimbo ni mkubwa wako kazini.

Usidhani ni ushamba wetu wa Kagera, wala mapepo ya Waswahili. Oktoba 1965 mjini Blackburn, Uingereza, wasichana 85 wa shule moja walikimbizwa hospitali kwa kuzimia na kizunguzungu. Na vipimo havikuonyesha kitu. Mwaka 2011 kule Le Roy, mji mdogo wa jimbo la New York, wasichana wa sekondari walianza kutikisa shingo na mikono bila kutaka, watu wakatafuta sumu ardhini na majini, kamera za televisheni zikajaa, na walianza kupata nafuu pale kelele zilipopungua. Wengine wa zamani zaidi ni wa Strasbourg, mji ambao leo uko Ufaransa. Julai 1518 mwanamke mmoja alianza kucheza ngoma barabarani, akaendelea siku kadhaa, wakamfuata mamia. Wakuu wa mji wakaamua dawa yao ni kucheza zaidi, wakawajengea jukwaa na kuwakodia wapiga muziki. Wagonjwa wakaongezeka! Kila nikifika hapo naona waalimu wakuu wanaoita mganga wa jadi aje kuzunguka mabweni mbele ya shule nzima. Mtoto aliyekuwa na wasiwasi kidogo, akishaona mkuu wa shule mwenyewe anaogopa, kesho anaanguka na yeye.

Kwa hiyo likitokea, kwanza hakikisha si ugonjwa mwingine. Malaria ipimwe. Uliza wamekula nini, na kama wanne walikula sahani moja, ni jambo la zahanati haraka. Aliyejing'ata ulimi au kujikojolea, fikiria kifafa. Kama kuna jiko la mkaa ndani ya chumba, fungua madirisha na watoe wote nje. Ukishaona hakuna hilo, watenganishe kimya kimya, mmoja mmoja, mahali penye hewa, na mtu mmoja mtulivu wa kukaa naye. Wengine waendelee na ratiba. Simu zisirekodi. Hilo la simu nalisisitiza kwa sababu nakujua.

Halafu, wakishatulia, uliza kinachowasumbua. Mtihani? Njaa? Mwalimu fulani wa kiume? Usipouliza, wiki nyingine wanaanguka tena.

Unakumbuka ulivyonibishia habari ya Erasto Mpemba, kwamba ni ya kutunga? Ni ya kweli. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu uliowekwa kwenye friji ukiwa moto umeganda kabla ya ule wa mwenzake uliokuwa baridi. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Alipofika sekondari ya Mkwawa akauliza tena, akachekwa tena. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa chuo kikuu kule Dar es Salaam, ndiye aliyekubali kwenda kujaribu, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Wanasayansi wanabishana hadi leo, ila jina lililobaki ni la yule mtoto. Wewe uwe mtu wa kwenda kujaribu. Digrii yako hiyo, ya kwanza katika ukoo wetu, nimeitangaza kanisani mpaka watu wamechoka, halafu unanitumia uongo wa kucheka mwaka mzima bila hata kuuliza!

Baba yako hakutaka uende ualimu na mimi nilikaa kimya. Nilipaswa kusema kwamba unafaa. Basi.

Senene nimekukaangia, wako kwenye kopo la maziwa ya unga, usiwafungue ndani ya basi. Kahawa ya msimu huu tumeuza, lakini chama cha msingi hakijalipa awamu ya pili, kwa hiyo mabati ya jikoni yatangoja. Mdogo wako amerudisha hesabu mbovu tena, mpigie wewe, anakusikia kuliko mimi. Chukua chandarua kile kipya, cha zamani kimetoboka. Mshahara wa kwanza ukichelewa niambie, usikimbilie mkopo wa kausha damu, hata walimu wenzako wakikuhakikishia kwamba ni wa siku chache.

Ukifika nitumie namba ya matroni. Nataka nizungumze naye mwenyewe kuhusu fimbo.

Mama yako