Mhariri, kobalti ni jina la kibwengo

Mhariri salaam, mimi msomaji wako wa hapa Geita. Juzi mliandika habari ya kobalti, kwamba Kongo ndo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote duniani na inaenda kwenye betri za simu na magari ya umeme, sawa kabisa, ila jina lenyewe hamkuligusa na mimi naona uzito wote uko pale.

Neno limetoka kwa Wajerumani. Wachimbaji wa fedha kule milima ya Erzgebirge, miaka ya 1500 huko, walikuwa wanapata jiwe linang'aa unasema hii fedha kabisa, wakilichoma fedha haitoki, kinachotoka ni moshi na watu wanaugua. Wakasema kuna kibwengo kule chini kaiba fedha katuachia uchafu, na kibwengo kwao anaitwa kobold, basi jina likang'ang'ania jiwe mpaka miaka ya 1730 Mswidi Georg Brandt alipogundua mle ndani kuna metali mpya, nayo ikaitwa hivyohivyo. Jirani yake kwenye jedwali la elementi, nikeli, mambo ni yaleyale, jiwe linafanana na la shaba lakini shaba haitoki, lawama akatupiwa pepo Nickel.

Ule moshi ulikuwa na aseniki. Sumu mhariri, siyo kibwengo!

Naandika kwa uchungu maana baba yangu mdogo alikuwa anachomea dhahabu nyumbani, ile iliyoshikana na zebaki, anaiweka kwenye kipande cha bati juu ya jiko la mkaa na sisi watoto tumechuchumaa pale pale tunaangalia kidonge cheupe kinavyogeuka njano. Baadaye mikono ikaanza kumtetemeka mpaka kikombe cha chai anashika kwa viganja viwili. Wazee wakasema karogwa na wenzake wa duarani, yaani kwenye shimo la kuchimbia, akapelekwa kwa waganga, mbuzi wakauzwa, na aliporudi akaendelea kuchoma.

Kwa hiyo mkiandika tena habari za madini wekeni na asili ya majina, na pembeni yake wekeni habari ya moshi wa zebaki kwa maandishi makubwa, maana gazeti lenu huku linafika mpaka vibanda vya chai vya machimboni na mmoja akilishika anawasomea wenzake kwa sauti.