Mtihani wa kubebesha mikorosho usahihishwe baada ya wiki sita

Mhariri,

Katika vitalu vya mafunzo ya kilimo ni kawaida kuona wanafunzi thelathini wamemzunguka mkufunzi mmoja. Anabebesha mche mmoja wa mkorosho, yaani anaunga juu yake kitawi cha mkorosho mwingine kiitwacho kikonyo, anauinua wauone, kisha kila mmoja anajaribu mche mmoja au miwili. Jioni alama zinatolewa, somo limekwisha. Tunaomba utaratibu huu ubadilishwe, kwa sababu siku hiyo mche uliobebeshwa vibaya hautofautiani na uliobebeshwa vizuri. Kikonyo bado kibichi, ukanda umekaza. Ukweli hujulikana baadaye, macho yanapochipua au kikonyo kinapokuwa cheusi.

Kwa maneno kazi hii ni nyepesi. Majani ya kikonyo hukatwa kikiwa bado mtini, siku 7 hadi 10 kabla, ili macho yavimbe. Kisha kikonyo hukatwa, urefu wa sentimita 10 hivi, unene sawa na shina la mche. Mche hukatwa kichwa na kupasuliwa katikati sentimita 3 hadi 4. Kikonyo huchongwa kabari ya urefu huohuo, huingizwa, hufungwa ukanda wa plastiki kutoka chini kwenda juu ili maji yasipenye.

Mkononi ndiko mambo yanakoharibika. Kisu butu hurarua badala ya kukata. Kabari iliyochongwa mara nne huwa na mabonde, na hewa hubaki ndani. Kikonyo chembamba kikiwekwa katikati ya shina nene, maganda hayakutani, na kinachounga ni ule utando wa kijani chini ya ganda. Kingesogezwa upande mmoja tu, ganda kwa ganda, kingeshika. Na vikonyo vilivyokatwa alfajiri vikaachwa juani hadi saa sita mchana, hata fundi hataviokoa.

Kila mwanafunzi apewe miche 50. Kila kiriba, yaani mfuko wa mche, kiandikwe namba, na daftarini iingie saa ya kukata kikonyo na saa ya kubebesha. Baada ya wiki 6 ihesabiwe iliyoshika. Iliyokufa isitupwe hata mmoja! Ifunguliwe ukanda na kupasuliwa kwenye kiungo: kikiwa cheusi na chenye majimaji, maji yalipenya, kikiwa kikavu chenye mwanya, kabari haikukaa. Mwanafunzi aandike sababu, abebeshe mingine 50, na raundi hiyo ya pili ndiyo itoe alama. Mmarekani David Kolb alieleza mwaka 1984 kwamba kujifunza kwa uzoefu ni mzunguko: kutenda, kutafakari, kupata kanuni, kisha kuijaribu upya. Mwanafunzi wa mche mmoja anakomea kwenye kutenda.

Gharama ipo, hasa ya viriba na mbegu, lakini miche iliyoshika ina wanunuzi Tandahimba, Newala na Masasi.

Ombi letu jingine ni kalenda. Mafunzo ya shambani yaangukie Juni hadi Agosti, mikorosho inapotoa maua na ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, unaposhambulia. Dawa yake, salfa ya unga, hupulizwa alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande ungali kwenye majani. Mwanafunzi anayepelekwa shambani Februari hataona ua wala ubwiri, na mwaka unaofuata ndiye afisa ugani wa kijiji.

Wadau wa korosho,
Mtwara