Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri Yetu: Tufungulieni Ule Mlango

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salamu na heshima zako.

Alhamisi iliyopita tulimtafuta mjukuu wangu kwa tochi za simu mpaka saa sita usiku. Tulimkuta korongoni, peku, kwenye baridi hii ya Juni, amekumbatia helmeti ya marehemu baba yake. Hakulia. Hakusema neno.

Yuko darasa la tano. Tangu baba yake agongwe akiwa kwenye bodaboda mwaka jana, aliyeweza kumfungua mdomo ni mmoja tu, mwalimu wa ushauri na unasihi pale shuleni. Kila Jumatano walikaa chini ya mwembe, na jioni mtoto alirudi akaomba ugali na mlenda, akala akamaliza. Shule zikafungwa, mwalimu akaenda kwao. Wiki ya pili tu usingizi ukamkatika, akaanza tena kukojoa kitandani.

Zahanati walimpa dawa ya minyoo. Nikapiga 116, Simu ya Mtoto. Walinisikiliza vizuri, wakanielekeza kwa afisa ustawi wa jamii. Mheshimiwa, mlango wa ofisi hiyo hapa katani nimeukuta na kufuli mara tatu. Labda amehamishwa, labda naye yuko likizo. Hakuna aliyeniambia.

Majirani wanasema nimpeleke Mirembe. Ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, iko mkoani kwetu, siikatai. Ila nauli mpaka niuze mtama, na unajua jina hilo linavyomganda mtu huku vijijini. Mtoto wa miaka 11 anahitaji kwanza mtu wa karibu wa kuongea naye.

Mwezi wa pili ulisimama kwenye mkutano wa hadhara ukasema afisa atakuwepo kila wiki. Nilikupigia makofi. Mwaka 2020 shule za msingi zilipofungwa kwa sababu ya korona kuanzia Machi 17 hadi Juni 29, masomo yalitufuata redioni. Hesabu ilitafutiwa njia. Huzuni ya watoto haikutafutiwa.

Siombi jengo wala gari. Shule zikifungwa, mlango ule ufunguliwe siku moja kwa wiki na mtu awe ndani. Siku moja tu, Mheshimiwa. Na ianze wiki hii, maana sasa nalala nimefunga pindo la khanga yangu kwenye mkono wake, akiinuka nishtuke.

Bibi wa mtoto,
Mkoa wa Dodoma