Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu wa Mkoa wa Haut-Katanga: daftari si kipimo cha maternele

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka komini ya Katuba, hapa Lubumbashi, ninakofundisha watoto wa miaka mitatu mpaka mitano. Nina jambo moja: wakaguzi na wakuu wa mashule waache kuipima maternele, yaani shule ya watoto kabla ya darasa la kwanza, kwa daftari. Najua mezani kwako kuna mafaili mazito zaidi, yakiwemo ya walimu wanaofundisha bila mshahara wa serikali na ya madarasa yaliyofurika. Langu halihitaji bajeti. Linahitaji karatasi moja yenye sahihi yako. (Pesa tutaziomba siku nyingine.)

Mkaguzi mmoja alifika asubuhi kwenye kituo chetu akatukuta wote tuko nje. Aliomba madaftari, akayapekua, akaona kurasa nyingi nyeupe, akaandika kwamba hakukuta somo. Hakuwa mtu mbaya. Alitusalimia vizuri na watoto walimpenda. Ila somo lilikuwa mbele ya macho yake akapita pembeni yake, na ndiyo maana nataka nikueleze alichokiacha nyuma.

Watoto walikuwa wanacheza soko. Walikuwa na meka, kipimo cha unga cha sokoni, iliyotengenezwa kwa mkebe wa mafuta, na mtoto wa Lubumbashi anaijua meka kabla hajajua herufi a, maana bukari (ugali) ya jioni inaanzia pale. Walikuwa na mchanga wa kuwa unga, vizibo vya chupa vya kuwa franka, na vipande vya pagne (kitenge) vya kukalia. Wawili walikuwa wauzaji. Wengine walipanga mstari, wakauvunja, wakaupanga tena baada ya kugombana nani alitangulia. Mmoja alijipa kazi ya kutoza taksi (ushuru) ya soko, na alikuwa mkali kuliko wale wa kweli, samahani Mheshimiwa.

Ugomvi mkubwa ulitokea pale muuzaji wa pili, kwa kukosa meka, alipoanza kupimia kwa chupa ya plastiki iliyokatwa shingo, nyembamba na ndefu. Wanunuzi wote wakamhamia. Kwa macho yao chupa ilibeba mchanga mwingi zaidi kwa sababu mchanga ulifika juu. Muuzaji wa kwanza akalalamika kwamba anaibiwa wateja. «Ya kwangu njo mingi!» alisema, na hakuna aliyemwamini. Mimi nikanyamaza, na kunyamaza pale ni kazi ngumu kuliko kuongea. Mwishowe msichana mmoja akamimina mchanga wa chupa ndani ya meka. Meka haikujaa. Akatazama chini kama umemwagika. Akarudisha, akamimina tena. Wenzake wakaja kujaribu kila mmoja kwa zamu, na soko likafungwa kwa muda.

Mwanasaikolojia Mswisi Jean Piaget, aliyefariki mwaka 1980, alijulikana dunia nzima kwa kuwachunguza watoto kwa vitu kama hivi hivi: glasi pana, glasi nyembamba, maji yale yale. Mtoto wa miaka minne au mitano huhukumu kwa kimo cha maji, na maelezo yako hayambadilishi. Anabadilika taratibu, akikua na akimimina. Wewe mwandikie ubaoni kwamba chupa ni ndogo kuliko meka, naye atakariri baada yako, kisha jioni mama yake akimtuma dukani atachagua chupa. Basi ndani ya ule mchezo wa mchanga kulikuwa na hesabu ya ujazo, kulikuwa na kuhesabu vizibo mpaka kumi na zaidi, kulikuwa na kungoja zamu, na kulikuwa na maneno. Mtoto ambaye tangu mwezi wa tisa alikuwa hajatamka sentensi nzima mbele yangu alisema siku ile, kwa sauti, «Mama, uniongezeye kiloko!», yaani niongeze kidogo. Hayo yote hayaandikiki kwenye ukurasa wenye mistari miwili.

Sasa, kwa nini daftari ina nguvu hivi? Sababu ninaiona kwenye minervali, yaani ada ya shule. Elimu ya msingi ya bure ilipoanza kutekelezwa mwaka 2019, kama Katiba ya 2006 inavyodai katika kifungu chake cha 43, maternele ilibaki nje ya mlango. Mzazi wa mtoto wa miaka sita anampeleka shule ya serikali bila minervali. Mzazi wa mtoto wa miaka minne analipa. Na mama anayeuza makala (mkaa) kando ya barabara, akishatoa franka zake, ana haki ya kuuliza amenunua nini. Daftari anaiona, anaweza kumwonyesha shangazi na jirani. Mchezo wa soko anaujua, maana hata yeye anashinda sokoni. Anauliza kwa nini alipie mtoto kwenda kucheza anachoweza kucheza bure kwenye parseli, kiwanja cha nyumbani kwake.

Swali hilo ni la haki, na sisi walimu tumelijibu vibaya kwa miaka. Tumejibu kwa kujaza kurasa. Wengine wanashika mkono wa mtoto na kuusukuma mpaka herufi itokee. Wengine, tuseme ukweli, wanaandika wenyewe jioni, kwa kalamu ile ile, wakijaribu kutetemesha mwandiko kidogo. Mkuu wa shule anafurahi, mkaguzi anatia sahihi, mama anarudi nyumbani na ushahidi, na mtoto amejifunza kukaa kimya kwenye benchi.

Mwili wenyewe unakataa. Mifupa midogo ya kifundo cha mkono wa mtoto wa miaka minne bado haijakomaa. Mingi yake bado ni gegedu. Kumlazimisha aandike mistari ni sawa na kutia unga wa bukari kwenye maji ambayo hayajachemka. Kinachomwandaa ni kumenya karanga, kufinyanga udongo, kukunja waya wa motokari kama kaka zake wanavyofanya, kuchambua mchele, kufunga na kufungua vifungo. Vidole vikishapata nguvu na utulivu, herufi zinakuja haraka, na mwalimu wa darasa la kwanza hatakuwa na kazi ya kumfundisha upya namna ya kushika kalamu.

Na wala siombi jambo geni. Programu ya taifa ya maternele imejengwa juu ya shughuli: za mwili, za milango ya fahamu, za lugha, za sanaa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za mtoto, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1990, unataja mchezo waziwazi katika kifungu cha 31. Mwaka 2024 Umoja huo huo ukatangaza tarehe 11 mwezi wa sita kuwa siku ya kimataifa ya mchezo. Nakuomba usituletee mipira na kamera siku hiyo. Maandishi tunayo ya kutosha. Kinachokosekana ni mtu mwenye mamlaka wa kumwambia mkaguzi kwamba akikuta watoto nje, atoe kalamu yake aandike anachokiona.

Kuna pia suala la lugha, nitaligusa kwa ufupi maana linastahili barua yake. Mashule mengi ya binafsi mjini yanajitangaza kwa Kifaransa cha watoto wa miaka mitatu. Mzazi anakipenda, ninamwelewa. Lakini mtazame mtoto akicheza Mazembe na Lupopo, timu mbili za mpira za mji wetu, uwanjani: anapanga timu, anabishana kuhusu goli, anatunga sheria na kuzitetea, yote kwa Kiswahili, huku mwenzake anayeongea Tshiluba au Kibemba nyumbani akiokota maneno mapya kila dakika. Mwingize darasani umwambie ajieleze kwa Kifaransa, utasikia «bonjour madame» na kimya. Sheria ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya elimu ya taifa imezipa lugha zetu za taifa nafasi ya kufundishia. Kifaransa kitakuja, na kitakuja vizuri zaidi kwa mtoto ambaye tayari ana mambo ya kusema. (Kuhusu nani awe Lupopo, hilo halijawahi kupata suluhu kituoni kwetu.)

Nitaambiwa mchezo mzuri ni wa nchi tajiri. Hapana. Mwaka 1945, vita vilipokuwa vimekwisha tu, wakazi wa kijiji cha Villa Cella karibu na mji wa Reggio Emilia, Italia, waliamua kujenga shule ya watoto wadogo. Pesa walizipata kwa kuuza kifaru, malori na farasi ambao jeshi la Ujerumani liliwaacha nyuma. Matofali waliyatoa kwenye nyumba zilizobomolewa kwa mabomu, mchanga wakautoa mtoni. Mwalimu kijana, Loris Malaguzzi, alisikia habari hizo, akapanda baiskeli kwenda kuona kama ni kweli, na kazi hiyo hakuiacha tena maisha yake yote. Leo waalimu wanatoka mabara yote kwenda Reggio Emilia kutazama watoto wakicheza na udongo, kivuli na vipande vya mbao. Mwanzo wake ulikuwa wakulima na mama zao, watu kama wale wanaobeba wenyewe vituo vya jumuiya vya watoto wadogo kwenye kartie (mitaa) zetu, chini ya mti au nyuma ya kanisa.

Kwa hiyo vifaa si shida. Magunzi ya mahindi, vizibo, mikebe ya tomati, mabaki ya pagne kutoka kwa mshonaji, bidoni (madumu) zilizokatwa: vyote hivi mama wanavileta wakielezwa sababu. Shida ni kiwanja.

Hapa naomba unisikilize vizuri. Kituo kinafunguliwa kwenye parseli yenye nyumba mbele na uwanja mdogo nyuma. Wanafunzi wanaongezeka, mwenye parseli anajenga sale (chumba cha darasa) moja zaidi, halafu nyingine, mpaka uwanja unabaki njia ya kwenda chooni. Ruhusa ya kufungua ilitolewa wakati uwanja upo. Hakuna anayerudi kuangalia kama bado upo. Watoto wanakaa ndani toka saa moja na nusu hadi saa sita kwa sababu hakuna tena pa kwenda. Hapo daftari inakuwa kitu pekee kinachowezekana.

Tena, uwanja wenyewe uwe wa udongo gani? Mji huu ulizaliwa mwaka 1910, na mwaka 1911 tanuru la kuyeyushia shaba likawashwa. Moshi uliangukia kartie zilizo upande ambao upepo unaelekea, na udongo wa Penga Penga, moja ya kartie hizo, umechunguzwa na watafiti kwa sababu hiyo. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya vipimo vya mkojo vya watu wa Katanga wanaoishi karibu na machimbo na viwanda: kobalti ilikuwa juu sana, na kwa watoto ilizidi ya watu wazima. Haishangazi. Mtoto anacheza chini, kisha anatia vidole mdomoni. Wakati wa baridi, vumbi la mwezi wa saba linaingia hata kwenye uji.

Kuna watakaosema basi tuwafungie ndani. Vumbi linaingia ndani vilevile. Sisi tunanyunyiza maji kabla ya kufagia, tunapanda majani pale yanapokubali kuota, na tunanawisha mikono kwa sabuni kabla ya kila chakula. Lakini kujua udongo wa uwanja upi ni salama na upi unahitaji kufunikwa, hiyo si kazi ya mwalimu mwenye ndoo. Wataalamu wa udongo unao hapa hapa mjini, kwenye chuo kikuu, na wamefanya kazi hii kwa miaka. Waombe waanze na viwanja vya maternele vilivyo chini ya upepo wa tanuru.

Basi barua ninayoiomba kwako iseme hivi. Mkaguzi wa maternele akae angalau saa moja akiwatazama watoto wakicheza kabla ya kuomba karatasi yoyote, na ripoti yake iseme aliona nini. Daftari ya mistari isidaiwe kwa mtoto aliye chini ya miaka mitano. Ruhusa ya kituo iende pamoja na uwanja wake, na mwenye parseli akijenga juu ya uwanja, ruhusa irudi mezani. Na wakuu wa mashule waisome barua hiyo mbele ya wazazi siku ya kuandikisha watoto, kwa Kiswahili, ili mama wa makala aisikie kutoka kwako na si kutoka kwa mwalimu anayetuhumiwa uvivu.

Ikitoka kabla ya mwezi wa tisa, itatukuta tunapanga madarasa. Na ukitaka kuona mwenyewe kwanza, njoo asubuhi yoyote ya kazi kuanzia saa mbili, bila msafara na bila kututangazia. Vaa viatu visivyoogopa vumbi. Mtoza taksi wa soko atakudai vizibo viwili kabla hujaingia, na hajali vyeo.

Kwa heshima,

Mwalimu wa maternele, Katuba, Lubumbashi