Wanafunzi wafunguliwe folda ya /sys

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie somo la kompyuta katika shule zetu hapa Mbeya. Wanafunzi wengi wanamaliza kidato cha nne wanajua kuchapa barua na kuiprinti, basi. Yaliyomo ndani ya mashine wanayaona ni kazi ya fundi. Mimi nasema tunawanyima bure.

Ken Thompson na Dennis Ritchie, walioanza kuunda Unix, mfumo wa kuendesha kompyuta, mwaka 1969 pale Bell Labs, Marekani, waliamua kwamba kifaa kisomwe na kuandikiwa kama faili. Uamuzi huo naustaajabia hadi leo. Linux ya Linus Torvalds, mfumo wa bure ulioanza 1991, iliufuata, na tangu toleo la 2.6 la mwaka 2003 kerneli yake, yaani kiini cha mfumo kinachoongea na vifaa, inavipanga vifaa ilivyovitambua ndani ya /sys, folda ndani ya folda.

Chukua laptopu kuukuu yenye Linux, umwambie mwanafunzi aandike cat /sys/class/power_supply/BAT0/capacity (cat ni amri ya kuonyesha yaliyomo kwenye faili). Inajibu, tuseme, 63: asilimia ya chaji iliyobaki. Hakuna programu ya kununua. Tena faili hilo halimo kwenye diski kabisa. Kerneli inalijaza palepale linaposomwa. Achomoe chaja, asubiri, arudie amri ileile, aone namba inavyoshuka.

Ninachokipenda zaidi ni DS18B20, sensa ndogo ya joto yenye miguu mitatu, inayounganishwa na Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja. Ukishaiwezesha, chini ya /sys/bus/w1/devices inatokea folda ambayo jina lake linaanza na 28, na ndani yake mna faili liitwalo temperature. Likisomeka 11562, hizo ni nyuzi 11.562 za Selsiasi, kwa sababu namba inatolewa kwa elfu za nyuzi; mwanafunzi mwenyewe agawanye kwa 1,000. Mtoto wa Uyole au Njombe, ambaye nyumbani kwao wanatunza mbegu za viazi na wanajua joto likizidi ghalani zinachipua kabla ya msimu, hahitaji kuelezwa namba hiyo ni ya nini.

Si kila kitu kiko hivyo. Kadi ya mtandao, kwa mfano, haina faili ndani ya /dev, folda ya faili za kusomea na kuandikia vifaa. Na kuandika kwenye faili za vifaa kwa kawaida kunahitaji ruhusa ya msimamizi. Ni sawa kabisa, maana amri moja ya ovyo kwenye /dev/sda, faili la diski yenyewe, inafuta diski nzima. Kwa hiyo waanze na kusoma tu.

Ninachowaomba wakuu wa shule ni hiki: kompyuta zilizofungiwa stoo kwa kuwa hazibebi tena Windows mpya zitolewe, ziwekewe Linux, na walimu wa fizikia washirikishwe tangu kipindi cha kwanza. Sensa moja inatosha darasa zima kuanza.

Mwalimu wa kompyuta,
Uyole, Mbeya